Aliuguzwa na watoto wake wote, eti

Jumamosi tulimzika baba mkubwa huko Tukuyu. Msoma wasifu akakohoa kidogo, akasoma kwamba marehemu aliugua kiharusi kwa muda mrefu na "akauguzwa kwa upendo na watoto wake wote". Watoto wote! Hao watoto wote walikuwa mstari wa mbele na fulana zenye picha ya mzee, wengine wameshuka kwenye Coaster alfajiri hiyohiyo. Aliyemuuguza, binti yake mmoja ninayemwita dada, alikuwa jikoni anatafuta sufuria, maana ni yeye tu anayejua zinakaa wapi.

Mama mmoja akaninong'oneza: "Mbona huyu binti halii?" Jamani, mama! Mtu ana miaka hajalala usiku mzima, machozi atayatoa wapi?

Mgonjwa wa kiharusi asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa 2, la sivyo makalio na mgongo vinaota vidonda. Usiku na mchana. Hospitali wanakuelekeza dakika chache siku ya kuruhusiwa, basi, mgonjwa ni wenu. Na Tukuyu mnaijua, mvua haina likizo. Mashuka yaliyolowa mkojo hayakauki, inabidi kuyatandaza karibu na jiko la mkaa. Niliwahi kulala pale usiku mmoja kumpokea dada, asubuhi nikawa natafuta funguo za pikipiki huku nimezishika mkononi.

Kwake ilikuwa kila usiku. Akaacha kwaya, halafu kikoba, mwisho meza yake ya mitumba sokoni. Akawa anasahau mboga motoni. Akimfokea mzee, anajifungia chooni analia kwa sababu amemfokea baba yake. Siku moja akaniambia, "Kaka, namwomba Mungu amchukue," kisha akaniangalia kama mtu aliyekiri kuua. Wazo hilo huwajia wengi wanaouguza muda mrefu, wala halimfanyi mtu kuwa mtoto mbaya, lakini nani alimwambia? Sisi tulimwambia "Mungu atakulipa". Mungu tumemfanya mhasibu wa ukoo.

Kwetu afya ya akili bado ni Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma. Mpaka mtu aokote makopo ndipo tuseme anaumwa. Anayepika, anayefua, akiitwa anaitika "abee", huyo mzima. Sonona haiokoti makopo kila mara. Inaweza kufua mashuka yakatakata kabisa.

Aliteuliwaje? Kikao cha familia. Mila ya Kinyakyusa inamtaka mkamwana amkwepe baba mkwe, kwa hiyo wake za kaka zake wakawa na sababu. Mila hiyohiyo haikuwakataza watoto wa kiume kumgeuza baba yao, lakini wao "wana majukumu". Dada hana ndoa, kwa hiyo hana majukumu. Kikao kikafungwa kwa sala, tukala kuku.

Haya, nikiri kwa shingo upande: hela zilitumwa. Pampasi za wakubwa si bei ya mchezo, na kaka wa Dar hakuwahi kukwepa. Ila hela haimgeuzi mtu saa 8 usiku.

Wala tusijidanganye kwamba hatujui kupangana. Mzee alipokata roho, kabla jua halijazama tulikuwa na kamati ya msiba, mweka hazina, orodha ya wachangiaji kwa majina, zamu za kuchota maji na zamu za kulala msibani. Zamu za kulala! Aliyekufa tunamkeshea kwa zamu, aliye hai tunamwachia mtu mmoja. Sheria nayo ni ndugu yetu wa damu. Ile ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ina siku 4 za likizo yenye malipo: mtoto wako akiugua au akifa, umo; kwa mzazi, mpaka afe. Na enzi UKIMWI unazimaliza nyumba za nyanda hizi, Njombe hasa, walikuwepo wahudumu wa majumbani waliopita kuona wagonjwa na kuwatazama wanaowauguza. Kwa kiharusi cha baba mkubwa hakupita mtu.

Sasa sikieni. Matanga hayajaanuliwa, kundi la ukoo limeshachangamka. Shangazi wa Kyela miguu haimbebi tena, na kuna aliyeandika kwamba "kwa vile dada sasa yuko huru", akakae naye. Yuko huru! Hata usingizi hajaumaliza.

Nimeweka humo orodha ya usiku 7 za wiki, kila mmoja ajaze jina lake. La dada nimelikataza. Ijumaa na Jumamosi nimejiandikia mimi, nitapanda Coaster nishuke Kyela. Usiku 5 bado ziko wazi, na kaka wa Dar anauliza kama anaweza kutuma hela.