Kabla ya Kuuliza Bei, Anguka Kwanza

Nywele nilisuka Ijumaa. Nalitaja mapema kwa sababu ndilo lililoniharibia Jumapili. Mtu akishakaa saa tano kwenye kiti cha saluni pale South B, haendi bwawani akiwa na nia ya kulowa. Mimi nilienda nikae juu ya maji, nipige kafi, nipigwe picha mbili tatu, kisha nirudi nyumbani nikijua ninunue chombo gani.

Aliyeniingiza katika mambo haya ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Aliona tangazo kwamba muuzaji mmoja wa vyombo vya majini angeleta kayaki, yaani mitumbwi midogo ya kupigwa kafi, na mbao za kusimamia kwenye bwawa la shamba la kahawa, upande wa Kiambu, watu wajaribu bure. Dakika kumi kwa kila chombo, ukimaliza unamwachia mwenzako. Hizo dakika kumi ndizo chanzo cha ugomvi wangu, na nitazirudia.

Tulivikuta vimelazwa kwenye nyasi, vikubwa kwa vidogo. Kulikuwa na kayaki za kukaa juu, zile za plastiki nene, urefu mita tatu hivi na upana wa sentimita 80, zenye matundu sakafuni ya kutolea maji. Kulikuwa na za kukaa ndani, ambazo unaingiza miguu kama unayevaa suruali. Kulikuwa na moja ndefu ya safari, mita nne na nusu, nyembamba kiasi kwamba shemeji aliitazama, akajitazama, akaipita. Halafu mbao: unapampu hewa, unasimama wima, unapiga kafi refu lenye bapa upande mmoja tu.

Nilianza na kayaki ya kukaa ndani, ile fupi na pana. Ilinipokea kama kochi la wageni. Mgongo una egemeo, miguu imenyooka, maji hayanigusi hata kidole, nywele salama. Nikazunguka bwawa polepole nikitazama mibuni kwenye mteremko, nikajisemea: basi, nimeshapata. Kijana aliyekuwa akitusukuma kutoka ukingoni alinihakikishia. "Dada, hiyo haipinduki. Hata ukitaka, haipinduki."

Kisha nikapanda ile ndefu. Mama yangu! Ilitetemeka chini yangu tangu nilipokaa hadi niliposhuka. Kila nikipumua, inajibu. Nilirudi ukingoni kabla dakika kumi hazijaisha nikiwa nimeikata jina.

Sasa nitakuambia nilichokuja kuelewa baadaye, maana hapo ndipo dakika kumi zinapomdanganya mtu. Chombo chenye sakafu bapa na pana kinatulia sana maji yakiwa yametulia. Wimbi likija kwa ubavu, sakafu ile inalifuata wimbi, inainama nalo, na wewe juu yake unainama pia. Chombo chembamba chenye tumbo la mviringo kinayumba tangu mwanzo, ila kikishalala kidogo kwa ubavu kinashika, na kiuno chako ndicho kinachokiweka sawa. Ni kama tuktuk na bodaboda. Tuktuk ikisimama kwenye taa, unaweza kunywa chai ndani yake. Ipeleke kwenye kona kwa kasi uone. Bodaboda ikisimama lazima mtu atie mguu chini, lakini konani inalala na kuinuka bila taabu. Sasa bwawa la shamba la kahawa, saa tatu asubuhi, ni tuktuk kwenye taa nyekundu. Hapo kila kilicho pana ni kizuri.

Wakati huo shemeji alikuwa amesimama kwenye ubao. Shemeji ana kilo 108, hilo analisema mwenyewe bila haya. Ubao ulijikunja katikati kama ndizi, yeye akiwa bondeni na ncha zote mbili zikiangalia mawingu. Watu ukingoni wakacheka, akaanguka, akatangaza kwamba mbao hizi zimetengenezewa watoto. Nami nilikuwa karibu kukubaliana naye, hadi mzee mmoja mwenye kofia ya majani alipoinama kutazama geji ya pampu. Ilisoma 8, kwa kipimo cha PSI cha msukumo wa hewa. Ubao wenyewe, karibu na tundu la hewa, umeandikwa 15.

Hapa nitamtetea yule kijana wa pampu. Nairobi na vitongoji vyake viko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Kila mpigo wa pampu unaingiza hewa pungufu kuliko ule ambao mwenzake angeupiga pale Nyali, Mombasa, kando ya bahari, kwa hiyo ubao uleule unataka mipigo mingi zaidi kufikia kipimo kilekile. Alikuwa ameshajaza mbao sita kwa mkono tangu alfajiri. Hata mimi ningeishia 8.

Walipoujaza hadi 15, ulikuwa kitu kingine kabisa. Ndani ya mbao hizi kuna maelfu ya nyuzi zinazounganisha ngozi ya juu na ya chini. Hewa ikijaa sawasawa nyuzi zinakaza na ubao unakuwa mgumu kama mlango. Ule wa shemeji ulikuwa na urefu wa sentimita 320, upana 81, unene 15, na safari hii ulimbeba bila kunung'unika. Najiuliza ni watu wangapi walioshuka kabla yake wakasema ubao ni takataka, kumbe walichojaribu ni uchovu wa kijana wa watu.

Na mimi nikapewa zamu. Niliteleza kwa magoti, nikasimama, miguu ikitetemeka kama ya ndama aliyezaliwa asubuhi hiyo. Kafi nililishika kinyume. Bapa la kafi la ubao limepindwa kidogo, na mpindo unatakiwa uelekee mbele. Mimi kwa akili zangu niliona ni kama kijiko, nikauelekeza kwangu nichote maji. Hakuna aliyeniambia hadi nilipotoka. Ila sikuanguka, na nilijivuna kwa hilo. Sasa naona nilijivunia upuuzi.

Yaliyonipata ni haya. Niliomba nirudi mara ya mwisho kwenye kochi langu, ile kayaki ya kukaa ndani, nithibitishe kabla ya kuuliza bei. Nikiwa katikati ya bwawa shemeji akaja na ubao wake akitaka kunionyesha jinsi anavyogeuka. Aligeuka, akaanguka, na alipoibuka akashika kitu cha kwanza kilichokuwa karibu, yaani ukingo wa kayaki yangu. Mkono wa mtu wa kilo 108 ukishika ukingo, sahau habari za haipinduki.

Maji ya bwawa mwezi wa Julai hayana utani. Miguu ilitoka bila shida, hilo nashukuru. Jaketi la kuokoa maisha lilinipanda hadi masikioni kwa sababu sikukaza mikanda ya kiunoni; nilikuwa nimelivaa kwa ajili ya picha. Nikashika kayaki, nikaigeuza, na nikaona kochi langu limekuwa karai. Limejaa hadi juu. Lita moja ya maji ni kilo moja, na mle ndani kulikuwa na zaidi ya lita mia. Nikajaribu kupanda, ikalala ikaninywesha. Nikajaribu tena. Mara ya tatu nilibaki nimeikumbatia tu, nywele za Ijumaa zimenibandika usoni, nikiita watu. Vijana wawili walikuja wakatuvuta hadi ukingoni, mimi na karai langu, wakaliinua na kulipindua lote ili maji yatoke.

Na shemeji? Alilala kifudifudi kwenye ubao, akapiga teke mbili majini, akajivuta, akakaa. Basi. Alikuwa ameanguka mara sita siku ile na mara sita alipanda mwenyewe. Mimi niliyekuwa mkavu asubuhi nzima nilianguka mara moja na siku ikaishia hapo.

Toka siku hiyo nina msimamo mmoja na sitautoa: chombo cha majini ukikijaribu, swali la kwanza ni kama kitakukubali tena ukishaanguka. Utulivu, rangi, mahali pa kuwekea chupa, yote hayo yafuate. Tena sisemi haya kwa waogeleaji wa mashindano. Nayasema kwa sisi watu wa Nairobi ambao wengi wetu tulijifunza kuogelea ukubwani, kwenye bwawa la hoteli, upande wa watoto, na bado tunashikilia ukuta.

Nilimwendea muuzaji nikiwa nimejifunga leso. Nikamwambia nataka kuanguka kutoka kwenye kila kimoja. Alinitazama kama mtu aliyeomba kuonja sabuni. Aliniambia, kwa adabu, kwamba watu wakiona wenzao wanaanguka wataogopa na hawatanunua. Namwelewa, ana biashara. Lakini anayenunua asichojua kukirudia atakitumia mara moja, kisha kitakaa kwenye gereji kikifuga buibui, na huyo hatamleta mteja mwingine. Tukavutana kidogo, akakubali, ila karibu na ukingo ambapo maji yanafika kifuani. Nikakunja miguu nisiguse chini, maana ukisukuma kwa mguu hujajaribu kitu.

Ubao nilipanda mara ya kwanza. Kayaki ya kukaa juu ilinichukua mara tatu. Iko juu ya maji na upana wake unakukwaruza mbavu, lakini kile kilichoingia kilitoka chenyewe kwa yale matundu, na nilipokaa nilikuwa tayari kuendelea na safari. Ile ndefu ilinishangaza. Ina vyumba vilivyozibwa mbele na nyuma, kwa hiyo haikujaa kama karai, ilielea vizuri tu. Mimi ndiye niliyeshindwa kuipanda peke yangu. Dada mmoja mwembamba aliyekuwa mazoezini alinionyesha jinsi wanavyofunga boya dogo kwenye bapa la kafi, wakalilaza kafi juu ya maji kama mkono wa pili, wakapanda. Alifanya hivyo kwa muda wa kufumba na kufumbua. Mimi ningehitaji miezi.

Ningeishia hapo ningekuwa nimeupigia ubao debe bure. Mchana upepo ulianza kushuka kutoka mlimani na ubao ukaonyesha aibu yake. Mtu aliyesimama ni tanga. Shemeji, tanga la kutosha jahazi, alipelekwa hadi kwenye matete ya upande wa pili na akarudi amepiga magoti, kafi amelishika chini karibu na bapa, akilalamika njia nzima. Wakati huo yule dada mwembamba alikuwa anaukata upepo na kayaki yake ndefu kama hausikii. Ile niliyoikata jina asubuhi.

Kuna jambo la pili ambalo hakuna atakayekuambia pale kwenye nyasi: utakitumia wapi, na utakifikishaje? Kutoka kwangu hadi Nairobi Dam ni mwendo mfupi wa bodaboda. Bwawa lile lilijengwa 1953, na watu wa tanga walikuwa na klabu yao pale. Baadaye gugu maji likalifunika na maji machafu yakaingia kutoka kila upande, na kila nikipita Lang'ata nageuza shingo kulitazama kama mtu anayepita nyumba aliyozaliwa ikiwa imeuzwa. Naivasha ni kilomita kama 90, ziwa zuri, ila kuna viboko, na kiboko hajali kama wewe ni mwanafunzi. Sagana ni maji ya kasi, na kayaki za kule ni fupi, zimepinda kama kiatu cha sultani, elimu yake nyingine kabisa. Kwa hiyo chombo chako kitasafiri. Mimi nakaa ghorofa ya nne, lifti hakuna, na ngazi zina kona ambayo hata godoro tulilipitisha kwa maombi. Kayaki ya mita tatu yenye kilo 25 nitaiweka wapi, kwenye kamba za nguo? Ubao unakunjwa, unaingia kwenye mkoba wa mgongoni, unaingia kwenye buti la basi la Mombasa.

Mwenye gereji Karen na gari lenye reli juu asinisikilize; akajifunze ile ndefu, atanishukuru.

Sijanunua bado. Nywele nilizifumua Jumatatu usiku, zikinuka matope, mume wangu akicheka kutoka sebuleni. Jana shemeji amenitumia picha ya ubao wa mitumba, mtu wa Ruaka anauza, anasema umetumika mara mbili tu. Nimemwambia aulize mambo mawili: kama geji ya pampu bado inasoma, na kama kwenye ploti yao kuna bwawa la kuogelea.