Prof wa klabu ya gofu: kashindwa tua au kachagua vizuri?

Kijana akitamba kwenye gofu ya chuo Marekani halafu akaishia kuwa prof, yaani mtaalamu aliyeajiriwa na klabu anafundisha, watu wanasema huyo kafeli, angekuwa na kipaji si angekuwa PGA Tour, ile tua (msururu wa mashindano) ya wachezaji wakubwa wa kulipwa? Mi naona hoja hiyo ina ukweli nusu, na Michael Block anawapa silaha pande zote mbili.

Block alicheza gofu ya chuo, baadae akawa prof mkuu wa Arroyo Trabuco, California. Mei 2023, ana miaka 46, akaingia PGA Championship, moja ya mashindano makubwa manne ya gofu, kwenye uwanja wa Oak Hill kupitia zile nafasi 20 za maprof wa klabu, akamaliza wa 15 sare na wengine, na siku ya mwisho kapangwa na Rory McIlroy si akapiga shimo la 15 mpira ukatumbukia kutoka tii (pale pa kuanzia shimo) moja kwa moja! Akaondoka na dola 288,333. Waliokuwa wanawadharau walimu wa klabu kimya.

Kimya cha siku chache lakini, maana wiki iliyofuata akaalikwa mashindano ya Colonial, Texas, raundi ya kwanza mikwaju 81, mingi mno, na mchujo wa baada ya raundi mbili hakuvuka. Hapo wanaosema viwango ni tofauti wana haki kabisa.

Ila kwani ni kazi moja? 1968 wachezaji wa mashindano (ndo PGA Tour ya leo) walijitenga na PGA of America, chama cha maprof wa klabu kilichokuwepo tangu 1916, ugomvi mkubwa ukiwa pesa za TV, na mpaka leo ni vyombo viwili. Mtihani wa kucheza wa hicho chama kwa kawaida ni mashimo 36 kwa siku moja, aliyecheza chuo vizuri hautamtesa sana. Kinachomtesa ni yanayofuata: kupanga nani anaanza saa ngapi, kuagiza mashati na glovu za duka, kuendesha mashindano ya wanachama, wikiendi wenzio wanacheza we umesimama kaunta. Yaani uliingia kwa kupenda kucheza na kazi yenyewe ndo inakunyima kucheza. Hili kwangu ndo zito kuliko hata hiyo habari ya kipaji.

Upande wa ualimu sasa sikubali mtu aseme ni kazi ya walioshindwa. Harvey Penick alianza kama kedi (mbeba fimbo za wachezaji) Austin Country Club, Texas, akaja kuwa prof hapohapo, akawanoa vijana wa University of Texas kuanzia 1931 hadi 1963, na mabingwa Tom Kite na Ben Crenshaw wamepita mikononi mwake. Alipofariki Aprili 1995 Crenshaw alibeba jeneza Jumatano, Jumapili akashinda Masters, nayo ni moja ya yale makubwa manne. Sawa, wengi hawapati Crenshaw, wanapata meneja wa benki ambae mpira wake kila siku unakimbilia kulia, lakini mshahara unaingia, wakati mwenzie wa tua ndogo, za ngazi ya chini, analipa kiingilio, nauli na hoteli mwenyewe na asipovuka mchujo anarudi mikono mitupu.

Kijana akiniuliza ningemwambia ajaribu tua miaka michache akiwa hana familia, halafu aende klabu. Ila kabla hajasaini ajipime kama anaweza kumsikiliza mzee wa miaka 70 akisimulia raundi yake yote shimo kwa shimo huku anatabasamu, maana hiyo ndo kazi yenyewe.