Riwaya zetu zitoke darasani, zije barazani

Ukionekana na riwaya ya Adam Shafi mkononi hapa mjini Zanzibar, swali la kwanza ni moja tu: "Una mtihani?" Mimi mtu mzima, nina watoto wanaokwenda skuli, na bado naulizwa. Swali hilo linaniuma kila mara. Baadhi ya riwaya bora kabisa za Kiswahili zimeandikwa na watu waliozaliwa visiwani humu, zinazungumzia mitaa tunayopita kwenda sokoni, na sisi wenyewe tumezifanya mali ya mtihani. Mtihani ukisha, kitabu nacho kwaheri.

Tangu mvua za masika nimekuwa nikisoma riwaya za nyumbani peke yake, na kila moja naipeleka kule inakozungumzia, au kwa watu wanaoijua habari yake. Nilianza na Kuli ya huyo huyo Adam Shafi, iliyotoka 1979. Nakala yangu niliinunua kwa muuza vitabu vilivyotumika, pale Darajani. Mwenyewe wa kwanza alikuwa mwanafunzi, maana kurasa zimejaa penseli: "tashbihi", "mhusika mkuu", "ujumbe", na mistari chini ya kila methali. Alama hizo zinafika katikati ya kitabu kisha zinakoma. Kurasa zilizobaki ni nyeupe, hazina hata alama ya kidole. Na mgomo wa makuli wa bandarini wa 1948, ambao ndio roho ya riwaya nzima, umo kwenye kurasa hizo nyeupe. Mtoto yule alifundishwa kutafuta tashbihi, akaukosa mgomo.

Kitabu hicho nilikichukua asubuhi moja nikatoka nacho Forodhani, nikafuata ufukwe mpaka Malindi, nikasimama karibu na geti la bandari. Leo mizigo inashushwa kwa mashine. Lakini mtaani kwetu yuko mzee aliyebeba magunia pale ujana wake, na jioni nikaenda kumsomea barazani. Nilipofika kwenye habari za makuli na mizigo yao akaninyooshea mkono. "Ngoja mwanangu." Akainuka, akanionesha gunia la karafuu linavyopokewa: goti linakunjwa kwanza, gunia tupu lililokunjwa liwe tayari begani, na pumzi usiivute mpaka mzigo umetulia. Kisha akakaa, akasema nirudie ukurasa ule tangu juu. Vijana waliokuwa wakicheza bao pembeni wakaacha kete zao, wakasogea. Tulisoma mpaka adhana ya isha. Hakuna aliyeuliza dhamira ni nini, kwa sababu kila mtu alikuwa ameshaishika.

Hapo ndipo nilipopata msimamo wangu, na sioni haya kuusema kwa sauti: riwaya zetu ni za kusomewa watu. Wengi wetu tumekulia kwenye hadithi za kusikiliza, na mabaraza tunayo kila mtaa. Tunalazimishana kusoma peke yetu kimya kimya, kisha tunalalamika kwamba Wazanzibari hawasomi.

Pemba ikanithibitishia. Msimu wa karafuu nilikuwa Wete kwa jamaa zangu, na usiku ule kazi ilikuwa kuchambua: mikeka imetandikwa uani, karafuu zinatupwa huku, makonyo kule, vidole vinanata na harufu inapanda mpaka kichwani. Mikono ina kazi lakini masikio hayana, nikawatolea Utengano ya Said Ahmed Mohamed, mwana wa Pemba, mzaliwa wa 1947. Bwana Maksuudi, mkubwa wa siasa na mwenye sifa nje, ndani ya nyumba amewafungia mkewe Tamima na binti yake Maimuna wasijue la dunia. Kabla sura haijesha, uani pameshachemka. Shangazi mmoja alimlaani Maksuudi kwa maneno ambayo siyaandiki hapa. Wifi yangu akashikilia kwamba Tamima naye ana lake, kanyamaza mno. Binti wa miaka kumi na sita, aliyekuwa kimya muda wote, akasema: "Sasa Maimuna angeijuaje dunia na hajaoneshwa hata mlango?" Palitulia. Halafu shangazi akaniambia, "Haya mwanangu, soma, usitukatishe."

Wanafunzi wa Kenya waliisoma Utengano kwa miaka kwenye mtihani wao wa sekondari. Nawaonea fahari. Lakini sijaona swali la mtihani lililofika pale alipofika binti yule akiwa na konzi ya karafuu mkononi.

Nyingine nazitaja kwa ufupi. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ya 1960, bado inashika: mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, Najum pembeni, mauaji ya kufumbua, na Kiswahili cha Unguja kinachotiririka. Mpe kijana asiyependa vitabu, mwache nayo usiku mmoja. Vuta N'kuvute, nayo ya Adam Shafi, niliirudia baada ya kuitazama filamu ya Amil Shivji ya 2021. Filamu ni nzuri, ila Yasmin wa kitabuni, akiikimbia nyumba ya mumewe Raza kwenda kwa Mwajuma mtaa wa Ng'ambo, ana ukaidi ambao kioo cha sinema hakikuweza kuubeba.

Na Peponi. Abdulrazak Gurnah kazaliwa hapa 1948, riwaya yake ikatoka kwa Kiingereza 1994, Nobeli akaipata 2021, na sisi tukangoja mpaka 2022 ndipo Ida Hadjivayanis akatupa Kiswahili chake kupitia wachapishaji Mkuki na Nyota. Niliisoma ndani ya boti nikirudi kutoka Pemba. Yusuf ana miaka kumi na miwili anapochukuliwa na tajiri Aziz kuwa rehani ya deni la babake, na mtoto anadhani anakwenda matembezini na ami yake. Nilifunga kitabu nikaangalia bahari kwa muda mrefu.

Walimu nawashukuru, kwani bila mitaala baadhi ya vitabu hivi pengine visingechapwa tena. Ninachowaomba ni kwamba mtoto asome riwaya nzima kwanza, ajibu maswali baadaye. Na sisi wakubwa tuache kungoja maktaba ituandalie hafla. Mtu mmoja mwenye sauti, kitabu kimoja, buli la kahawa, baraza limekamilika.

La kwetu limeshachagua Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya 1972, tuianze Ramadhani baada ya tarawehe. Nakala nimeitafuta Darajani yote sijaipata. Mwenye nayo aniazime. Nitaijalidi kwa karatasi na kuirudisha Mfungo Mosi, Ramadhani ikisha, na yeye mwenyewe nafasi yake barazani ipo.