Hongo, karanga na rafu ya nyuma

Mwulize kijana wa Dodoma historia ya mji wake. Ataanzia 1973, ulipopita uamuzi wa kuhamishia makao makuu huku, au 2016, serikali ilipoanza kufunga mizigo kweli. Akirudi nyuma zaidi atakutajia yule tembo aliyedidimia kwenye tope, pakaitwa Idodomya. Katikati hapo ni kimya, na ndiyo maana unanigusa ule mjadala wa kama maktaba zitunze vitabu vya zamani au zipishe vya wanafunzi.

Mimi nilikuwa na historia hiyo hiyo fupi mpaka nilipokwenda maktaba ya umma kutafuta kitabu cha ufugaji wa mbuzi. Nilikikosa. Rafu ya jirani nikakuta safari za Wazungu wa karne ya 19, karatasi ya mihuri ya tarehe bado imegandishwa nyuma ya jalada, wino wa zambarau umefifia. Burton alipita Ugogo, nchi ya Wagogo ilipo Dodoma, mwishoni mwa miaka ya 1850, Stanley mwaka 1871, na wote wawili wananung'unikia kitu kimoja: hongo. Kila mtemi anadai nguo, shanga na waya kabla msafara haujasogea. Ukiwasoma hao peke yao utadhani Wagogo walikuwa wanyang'anyi wa njiani.

Ndipo unapohitaji kitabu cha pili. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ihumwa hapa Dodoma (ndiyo, hiyo hiyo ya bandari kavu), aliandika kwa Kiswahili historia, mila na desturi za Wagogo, kikatoka 1954. Humo watemi si kero ya safari, ni watu wenye koo, mipaka na wajibu. Ukirudi kwa Stanley baada ya hapo, manung'uniko yake unayasikia tofauti: Ugogo ni nchi kavu, na msafara wa mamia ya watu unanywa maji ya wenyeji na kula nafaka yao. Hongo ilikuwa ushuru. Leo neno hilo kwetu ni rushwa tu, kana kwamba kesi ilisikilizwa upande mmoja.

Hiyo ndiyo hoja ya wanaotaka maktaba zitunze mkusanyiko wao wa vitabu vya zamani, hata vile ambavyo havijaazimwa miaka. Kompyuta hukupa ulichouliza. Rafu hukupa jirani yake.

Wanaopinga nao hawabahatishi. Nenda maktaba wiki za karibu na mitihani ya kidato cha nne uone wanafunzi wanavyogombea viti na kitabu kimoja cha fizikia. Kumwambia mtoto huyo kwamba nafasi imechukuliwa na ripoti ya kilimo ya mkoloni ni kazi ngumu. Tena vitabu vingi vya zamani ni vya Kiingereza, vimeandikwa na wapita njia.

Na kuna jambo zito kuliko nafasi. Kati ya 1917 na 1920 Ugogo ilipigwa na njaa iliyoitwa Mtunya. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Juu ya hayo, mvua zikakatika. Inakadiriwa watu 30,000 walikufa, katika eneo lenye watu wapatao 150,000. Mmoja kwa kila watano! Sikuiona kwenye rafu hata moja. Niliipata kwanza kwa wazee, ambao kwao njaa zina majina kama watoto.

Kwa hiyo rafu nayo ina usahaulifu wake. Hata inapokumbuka, hutenganisha. Chukua Kongwa, humu humu mkoani Dodoma. Mradi wa karanga wa Waingereza, uliokufa 1951 baada ya kumeza takriban pauni milioni 36, uko kwenye kilimo. Kambi ya wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika, iliyoanza 1964, iko kwenye siasa. Lakini wapiganaji hao, Samora Machel na Sam Nujoma wakiwa miongoni mwa waliopita hapo, walifikia kwenye majengo yaliyoachwa na karanga. Anayeunganisha ni msomaji, akibahatika kupita rafu zote mbili.

Nikilazimika kuchagua, nitasema vitabu vibaki, na wanafunzi waongezewe chumba. Sisemi hivyo kwa kuwa vitabu vinatosha. Bila Stanley na malalamiko yake nisingejua hata swali la kumpelekea mzee mmoja wa Chamwino.

“Babu, hongo ilikuwa rushwa?”

Alicheka mpaka akakohoa. “Mwanangu, kisima umechimba wewe. Anakuja mgeni na watu mia tatu, wote wana kiu. Utanyamaza?”