Mengine si makosa, ni makusudi

Nimesoma makala kuhusu makosa ya hadithi katika The Simpsons, katuni ya Kimarekani ya televisheni; mwandishi wake ameyaweka yote kapu moja, kana kwamba yote ni uzembe. Hapo sikubaliani naye. Bart, mtoto wa kiume wa familia hiyo, ana miaka 10 tangu katuni hiyo ianze mwaka 1989, hakui. Sasa ujana wa wazazi wake utauweka wapi? Mwaka 1991 tulionyeshwa Homer na Marge wakimaliza sekondari 1974. Kufika 2008, kwenye kipindi cha “That ’90s Show”, ni wapenzi wasio na mtoto katika miaka ya tisini, na Homer anaimba kwenye bendi ya grunge, roki iliyovuma miaka hiyo! Waandishi wa katuni hawakusahau. Walisogeza kalenda ili wapate kuitania enzi nyingine.

Kilichoniudhi mimi ni kisa cha 1997 cha Skinner, mwalimu mkuu wa shule ya Bart. Mtu tuliyemzoea misimu yote hiyo eti anaitwa Armin Tamzarian, kachukua jina la mwanajeshi mwenzake wa vita vya Vietnam. Mwishoni jaji anaamuru jambo hilo lisitajwe tena, na atakayelitaja ateswe. Nilicheka, lakini ule ulikuwa ujanja wa kukwepa lawama.

Na mashabiki tunaohesabu makosa tulishachekwa mapema mwaka huohuo: ndani ya The Simpsons kuna jamaa anayelalamika kwamba Itchy, panya wa katuni wanayoitazama wahusika, amegonga mfupa uleule wa ubavu wa paka Scratchy mara mbili mfululizo, ikatoka milio miwili tofauti. Mwandishi wa makala angeanzia hapo, ingenoga zaidi.