Treni Ililala, na Kitanda Nilitandika Mimi

Wakuu, kabla hamjaanza kuniuliza: ndiyo, ni mimi. Yule wa kwenye video ya maonyesho ya treni za mfano, anayeirukia meza ametanua mikono kama golikipa aliyechelewa, ni mimi mwenyewe. Jamaa yangu, yule yule ninayemwazima geji ya kupimia viunganishi kila mwezi, ameshaisambaza na kuiwekea muziki wa msibani. Basi ngoja na mfiwa naye aseme.

Yale mabehewa yangu sita ya abiria mnayajua. HO, yaani kipimo cha moja kwa 87, ya zamani, marefu: behewa halisi la futi 85 ukiligawa kwa 87 unapata kidude cha sentimita 30 kasoro kidogo. Yalinijia na vile viunganishi vya ndoano ya plastiki, vimeota moja kwa moja kwenye bogi. (Bogi hapa ni kile kitoroli cha magurudumu chini ya behewa, si behewa zima. Mnaopenda kubishana, tulieni, leo si siku yake.) Magurudumu nayo plastiki, kingo zake ndefu mpaka kwenye reli za kimo kifupi zinagonga vichwa vya misumari, ta-ta-ta-ta, mwendo mzima.

Kiunganishi cha kwenye bogi kina raha yake. Bogi ikigeuka nacho kinageuka, kwa hiyo hata kona ya kihuni treni inapita. Balaa linaanza ukirudi kinyumenyume. Nguvu ya kusukuma haipiti kwenye mwili wa behewa, inapita kwenye bogi. Bogi inajipinda, ukingo wa gurudumu unapanda reli, behewa chini. Na stesheni ya klabu ni ya mwisho wa njia, treni yoyote ya abiria lazima iingie kwa kurudi nyuma. Nikaamua: viunganishi vinahamia mwilini.

Na kazi niliifanya, jamani. Hilo mtu asininyang'anye hata kwenye aibu yangu.

Nilikata ule ulimi wa bogi kwa msumeno mwembamba, nikapiga tupa mpaka bogi ikazunguka bila kugusa kitu. Nikang'oa magurudumu ya plastiki, nikaweka ya chuma ya inchi 36 (kwa hesabu ya treni halisi), maana ndiyo saizi ya behewa la abiria; ya inchi 33 waachieni mabehewa ya mizigo. Ekseli nilipima moja moja, kwa sababu bogi za zamani kila moja na urefu wake: ekseli ikizidi inatanua mbavu za bogi na gurudumu linakuwa zito, ikipungua inacheza na mwishowe inadondoka. Bogi ya upande mmoja nikaikaza mpaka ikabaki kunesa mbele na nyuma tu, ya upande wa pili nikaiacha ilegee pande zote. Ukikaza zote mbili, behewa linakosa pa kuegemea na reli ikiwa na kabonde kadogo tu, gurudumu linaning'inia hewani.

Halafu viunganishi. Kadee, chapa ya viunganishi vya chuma, ndani ya kisanduku chake cha plastiki, juu ya kipande cha plastiki nilichobandika chini ya sakafu. Kutoboa kwa biti ya milimita 1.8, kuchonga njia ya skrubu ndogo ya saizi 2-56, kufunga. Gundi sikuisogeza karibu na kisanduku. Tone moja likiingia kwenye ile springi ndogo, umeshatengeneza sanamu. Nikapuliza unga wa grafaiti wa kulainisha, nikapima urefu kwa geji: milimita 9.9 juu ya reli. Behewa lililokaa chini nikaliinua kwa washa za fiba, vile vipete vyembamba, kwenye bogi. Vile vijiti vya chini vinavyovutwa na sumaku ili viunganishi viachiane nikavikunja mpaka vikaachana na reli kwa karibu milimita moja. Uzito nao niliurekebisha kwa kipimo cha NMRA, chama cha treni za mfano cha Marekani: aunsi moja ya kuanzia na nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu, ikaja karibu gramu 195 kila behewa.

Mnaona? Fundi.

Sasa hapa ndipo shetani alipovuta kiti akaketi. Yale mapazia ya mkunjo ya mwisho wa behewa, pale abiria wanapovukia kwenda behewa lingine, nilitaka yagusane. Unajua ilivyo chukizo kuona treni ya kifahari halafu katikati ya mabehewa kuna pengo la kupitisha ng'ombe? Nikarudisha visanduku ndani, nikachagua viunganishi vya shingo fupi. Mapazia yakabusiana. Nyumbani kwangu, penye kona za nusu kipenyo cha sentimita 90, treni ilipita mbele na nyuma mpaka nikajipongeza kwa sauti.

Meza ya klabu kona zake ni sentimita 56. Na pale unapotoka stesheni kuingia njia kuu kuna kona ya S: kushoto, halafu hapo hapo kulia, bila hata kipande cha reli iliyonyooka katikati.

Siku ya maonyesho treni niliipanga kwa mkono, ikiwa tayari imeelekea kutoka. Kwa hiyo ule ufundi wote wa kurudi nyuma hakuna aliyeuona. Watu wamejaa, watoto mstari wa mbele, mimi na kontrola mkononi. Nikazungusha mwendo taratibu.

Injini ikapita kwenye S. Ni fupi, haina habari. Behewa la kwanza likaifuata, likayumba, likapita. Nikatabasamu. Kwenye video mtaliona lile tabasamu, limeganda pale kwa kuwa jamaa amelisimamisha makusudi.

Sasa twendeni polepole. Mkia wa behewa la kwanza uko kwenye kona ya kulia, pua ya behewa la pili bado iko kwenye kona ya kushoto. Behewa la urefu huu kwenye kona ya sentimita 56 linatoa ncha yake nje ya mstari wa kati kwa karibu sentimita moja. Mmoja ametoka huku, mwenzake katoka kule. Jumla sentimita mbili. Upana wa reli zenyewe ni milimita 16.5! Yaani viunganishi vilikuwa vinatafutana kwa umbali unaozidi upana wa njia vinayopita. Shingo fupi ikageuka mpaka ukuta wa kisanduku, ikagota. Pazia likanasa kwenye pazia. Nikasikia *tik*.

Bogi ya mbele ya behewa la pili ikainua gurudumu moja. Moja tu, kiungwana. Likakaa juu ya reli, likasafiri hivyo sentimita chache, nami natazama, mdomo wazi. Likashuka upande usio wake. Behewa likainama. La tatu, ambalo ni la mkahawa, likaona si vyema kumwacha mwenzake peke yake.

Mtu mwenye akili anazima mwendo. Mimi nilirukia meza. Na katika kuruka, kidole gumba kikabaki kwenye gurudumu la mwendo, nalo likazunguka. Mpaka mwisho.

Injini ikavuta kwa moyo wote. Zile ndoano za plastiki pengine zingeachia. Vya kwangu havikuachia hata kimoja, nilivipanga urefu sawasawa kabisa. Mabehewa yakafuatana kulala, moja baada ya lingine, kwa utaratibu, mpaka lile la mwisho lenye kibaraza likaning'inia ukingoni mwa meza. Nililidaka. Tumbo langu likadaka stesheni.

Kimya. Kisha mtoto wa mstari wa mbele, kwa upole kabisa: "Baba, treni imelala."

Mengine ni mafupi. Mapazia mawili yalichanika, bogi moja ilikutwa chini ya meza ya chai, paa la stesheni limeshagundishwa. Mwenyekiti alinishika bega akasema "pole, mwanangu" huku akitetemeka kwa kicheko. Viunganishi nimebadilisha, sasa ni vya shingo ndefu, visanduku vimesogezwa nje, pengo la ng'ombe limerudi. Kwenye ile S tumeingiza reli iliyonyooka yenye urefu wa behewa zima, ili ncha moja iwe imetulia kabla nyingine haijaanza kutoka. Hata hivyo kona zenyewe bado ni kali mno. Kama unafunga viunganishi mwilini, nusu kipenyo kiwe angalau mara mbili na nusu ya urefu wa behewa, kwa haya yangu ni kama sentimita 75. Kama meza yako haina nafasi hiyo, viache kwenye bogi, weka Kadee huko huko, na usirudi nyuma kwa pupa. Wanaosema ni ushamba waje waniambie ana kwa ana.

Na wewe uliyekuza picha ya behewa la mkahawa ukauliza ni nini kile kimechomoza katikati ya meza mbele ya yule mama mwenye kofia: si chupa ya mvinyo. Ni skrubu. Nilitumia za inchi 3/8 kwenye sakafu ya milimita mbili. Zikateni kabla ya kufunga paa.