Kiti Kilichonivaa

Balbu ya sebuleni iliungua Alhamisi usiku, na kwetu hakuna ngazi. Kuna viti vinne vya plastiki, ambavyo mtu wa kilo zangu hapandi akiwa na akili timamu, na kuna kiti kimoja cha henzirani, ule mmea wa kutambaa unaotengenezewa samani, cha marehemu baba mkwe. Nikapanda hicho.

Hicho kiti nikieleze kidogo, maana ndicho chenye kesi. Baba mkwe alikinunua zamani hapa Kisumu kwa mwenye duka aliyekuwa akifunga biashara. Mikono yake ni henzirani nene iliyopindwa kama upinde wa mvua, na kikalio ni wavu wa nyuzi nyembamba wenye matundu madogo ya pembe nane. Mama mkwe alitupatia siku ya harusi kwa sharti moja: akija kututembelea, atakalia hicho na si kingine. Mimi neno henzirani lenyewe nililifahamu tangu darasani, kwa mwalimu wa Kiswahili aliyetufafanulia kwamba ni bakora, na ufafanuzi wake hakuuandika ubaoni. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, fungu langu nikiwa nimeshalipokea lote.

Basi nikapanda, mguu mmoja, balbu mpya mkononi. Kitu kikalia *kwaa!* nikajikuta nimezama hadi gotini. Nilipouchomoa mguu, katikati ya wavu palikuwa na shimo la ukubwa wa sahani, na nyuzi zilizokatika zote zimeelekea chini kama meno ya papa. Mke wangu alikuwa kwenye kesha. Nikaweka mto juu ya shimo, juu ya mto kitambaa, juu ya kitambaa Biblia, ili asipite mtu wa kukalia.

Mama mkwe alitarajiwa Jumapili.

Jumamosi mchana nikamwambia mama watoto naenda kwa kinyozi, nikakitorosha kiti kwa mlango wa nyuma. Jirani aliyekuwa akianika nguo akaniuliza, "Siku hizi kinyozi mtu anaenda na kiti chake?" Nikamjibu ni mambo ya usafi.

Kutoka kwetu Manyatta hadi soko la Kibuye, kwa mafundi wa samani, si mbali. Nikakibeba kichwani kama watu wote wanavyobeba viti: kikalio kichwani, miguu juu, egemeo likining'inia mgongoni. Ule mto niliouweka Alhamisi nikaufanya ngata. Ilikuwa Aprili, na anayeijua Kisumu ya Aprili anajua kwamba asubuhi jua hukuchoma, na mchana mvua hukuomba msamaha kwa fujo. Kabla sijafika Kondele ikanishukia. Nikakimbia. Ngata ikalowa, ikateleza, ikaanguka kwenye mtaro. Sikusimama kuiokota, nikashikilia kiti kwa mikono miwili na kuendelea kukimbia kuelekea chini ya daraja.

Hatua mbili kabla ya daraja nikakanyaga shimo la barabara. Mguu ukashuka, mwili ukashuka, kisha kiti nacho kikashuka. Sikuumia popote. Nilipofungua macho, miguu minne ya kiti ilikuwa imesimama kunizunguka uso kama nguzo za hema, na kikalio kilikuwa kimetua mabegani. Nilikuwa nimekivaa.

Mwanzoni nilicheka mwenyewe. Nikashika kiti nikakisukuma juu nikivue. Nyuzi zikanichoma chini ya taya, pande zote kwa pamoja. Nikasukuma tena, zikakamata masikio. Mama mmoja muuza samaki aliyekuwa amejikinga pale akaniangalia kwa makini, bila haraka, kama anayekagua mali.

"Yawa," akasema. "Huyu ameingia mgono."

Na alisema kweli tupu. Mgono wa kuvulia samaki hauna mlango wa kufungwa: vijiti vyake vimeelekea ndani, samaki anaingia vikimpisha, akigeuka kutoka vinamdunga. Mguu wangu wa Alhamisi ndio uliozielekeza zile nyuzi. Halafu mvua ikazilainisha zikanyooka kama tambi, kichwa na masikio yake vikapita. Mimi ndiye niliyetega mtego, na mimi ndiye samaki.

Mvua za Kisumu hazina adabu ya kudumu. Baada ya nusu saa jua lilikuwa limerudi na hasira zake, nami nikaanza kusikia kola yangu ikikaza. Henzirani ikilowa inakubali kupindwa utakavyo. Ikikauka inabaki vile ulivyoipinda. Ndivyo mikono ya viti inavyotengenezwa. Sasa nilikuwa nakaushwa nikiwa ndani, natengenezwa kuwa samani.

Nikaona heri nipande matatu nijifiche. Makanga wawili wakagombana juu yangu. Mmoja alisema nilipe nauli ya watu wawili kwa sababu ya mzigo. Mwenzake akasema, "Wewe, huyu amekuja na kiti chake, anatakiwa apunguziwe!" Abiria wakaanza kuchangia hoja. Dereva akaona foleni inazidi nyuma yake, akaondoka akiniacha na wale makanga, ambao walikuwa bado hawajakubaliana. Nikatembea. Watoto kama kumi na wawili wakanifuata wakiimba kuhusu ng'ombe wa pembe nne, na wimbo ulikuwa na kiitikio kizuri, sitadanganya.

Kibuye nilipokelewa na ushauri. Fundi wa chuma akaja na grainda ikiwa tayari inanguruma, nikamwambia hapana kwa lugha tatu. Mwenye boda akapendekeza mafuta ya kupikia. Mwingine alitaka kujua kama nina adui. Mwishowe wakanipeleka kwa mzee mmoja msusi wa viti, aliyekuwa akisokota kamba ya magugu maji, yale magugu yaliyolivamia ziwa letu na ambayo siku hizi yanasukwa makochi. Akainuka, akakizunguka kiti mara mbili, akakipapasa. Mimi hakuniangalia.

"Hii si ya ziwani," akasema kwa heshima. "Hii ni henzirani ya kweli." Akagonga mguu wa kiti karibu na sikio langu. "Wasikia? Mwanzi una uwazi ndani. Hii imejaa. Huu ni ndugu wa mnazi, lakini hauwezi kusimama peke yake, unatambaa juu ya miti kwa miiba, waweza kupita mita 100."

"Mzee, shingo," nikasema.

"Elfu nne na mia tano."

"Ya shingo?"

"Ya kikalio. Shingo ni humo humo."

Nimefanya biashara maisha yangu yote, lakini nawaambia, hakuna mahali pabaya pa kupatanisha bei kama ndani ya bidhaa. Nikasema elfu mbili. Mzee akarudi kwenye kamba yake akaendelea kusokota.

Ndipo simu ikalia mfukoni. Mke wangu. "Baba watoto, ukimaliza kwa kinyozi pitia Kibuye. Mama ameamua kuja leo, ameshuka hapo sokoni anunue omena."

Kugeuka sikuweza, maana nikigeuza kichwa kiti kizima hugeuka na miguu yake hupiga watu. Nikabaki nimeangalia mbele. Na mbele, kati ya vichwa vya watoto, nikaona kilemba ninachokifahamu.

Kwetu sisi Waluhya mkwe humkaribii ovyo. Unamsalimu kwa mbali, umeinamisha kichwa, umevaa nadhifu. Nadhifu sikuwa, na nilipojaribu kuinamisha kichwa, miguu miwili ya mumewe, yaani ya kiti cha mumewe, ilimwelekea kama pembe.

"Shikamoo, Mama."

Akanitazama. Akakitazama kiti. Akauweka mfuko wa omena chini.

"Ulikuwa unabadilisha balbu," akasema.

Sikujibu.

"Marehemu alizama mara mbili. Ya pili mimi mwenyewe nilimshikia tochi." Kisha akamgeukia fundi. "Huyu unamtoa kwa pesa ngapi?"

Fundi akarudia bei yake, safari hii na maelezo: nyuzi ni ghali, mali inatoka Indonesia, na Indonesia tangu mwaka 2012 imezuia henzirani ghafi kwenda nje.

"Na Kongo je?" mama mkwe akauliza. "Misitu ya Kongo haina henzirani? Marehemu alikuwa akiniambia ipo."

Mzee akakohoa. Akashuka hadi elfu tatu na mia nane. Mama akataja mbili na mia tano. Mzee akatikisa kichwa. Hapo mama mkwe akaokota omena wake.

"Basi mwache humo humo," akasema. "Tutamtumia hivyo hivyo." Akaanza kuondoka.

Nimeiona mbinu hiyo maelfu ya mara. Nimeitumia kwa viatu, kwa kuku, kwa shamba. Sikuwahi kuwaza kuku anajisikiaje. Mama alienda hatua tano, sita, saba, bila kugeuka, akampita muuza nyanya, na fundi akawa anamwangalia tu, nami namwangalia fundi, nikimhimiza moyoni, mwite, mzee, mwite.

"Mama! Lete elfu mbili na mia nane!"

Akarudi. Akaletewa kistuli cha magugu maji, akaketi mbele yangu kama mtu aliyekuja kutazama mpira.

Kazi yenyewe haikuwa na kelele. Mzee alichovya gunia kwenye maji ya moto, akaliacha lipoe kiasi, akalitandaza juu ya kikalio kunizunguka shingo, upande wa chini wa wavu, ambao kwa sasa ulikuwa juu. Upande wa kukalia una ngozi inayong'aa na maji huteleza; upande wa chini ndio unaokunywa. Ndiyo maana mvua ilinipata vizuri vile. Tukasubiri kama nusu saa. Mama mkwe akaniuliza habari za kazi, watoto, na bei ya mahindi huku. Nilijibu yote nikiwa na gunia shingoni kama mgonjwa wa homa.

Kisha mzee akaanza kuzikunja nyuzi moja moja kwa kidole gumba, kutoka shingoni kwangu kwenda nje, akizibana kwa vibanio vya nguo. Moja. Nyingine. Zilikuwa laini kama ngozi ya ndizi iliyoiva. Alipomaliza mzunguko akaniambia nipige magoti. Nikapiga magoti, kichwa kikateremka, sikio la kushoto likasitasita kidogo, na kiti kikabaki mikononi mwake.

Watoto walisikitika sana.

Fundi alisema atasuka upya, nyuzi za wima, za ulalo, kisha za mshazari kutoka pande mbili, na kwamba baada ya kusuka kiti kisikaliwe hadi kikauke kabisa. Kwa hiyo tukarudi nyumbani bila kiti, mimi na mama mkwe na omena, katika tuktuk, hakuna aliyesema neno.

Mke wangu alitufungulia mlango. Akanikagua kichwa, ambacho hakikuwa kimenyolewa, akaikagua shingo, ambayo ilikuwa na mkufu wa mikwaruzo midogo. Akafungua mdomo.

"Usimuulize," mama yake akasema, akipapasa ukutani. "Kwanza mbona humu giza?"